Jina Kabla ya Klachi

Wenzangu mliobaki karakana mmeniomba niandike ninayoyakumbuka. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba msitarajie habari za vyeo na mshahara. Barua za mambo hayo zote ziko kwenye faili moja nyumbani, na mke wangu ameshalitolea macho mara mbili akitafuta karatasi za kuwashia jiko. Nitaandika habari za misumeno, na za watu wazima waliokuja kwetu kujifunza kukaa nayo vizuri.

Kwa atakayesoma na si wa huku: nilifundisha upasuaji wa mbao katika chuo kilicho nje kidogo ya Makambako. Mashine yetu ilikuwa ile ndogo ya injini ya dizeli, meza ya chuma na msumeno wa duara katikati. Watu wa Njombe nzima huiita dingdong. Aliyeipa jina hilo simjui, ila ukiisikia ikiwashwa huna haja ya kumtafuta. Hufungwa msituni karibu na miti, kazi ikiisha huhamishwa. Inalisha nyumba nyingi, na vidole vingi vimebaki chini yake.

Siku ya kwanza niliteremka kwenye gari la kutoka Bulongwa nikiwa na koti zito, nikijiambia kwamba kwa baridi ya kwetu Makete hakuna wa kunitisha. Upepo wa Makambako ulinisubiri pale stendi. Haukuwa na baridi kama ya kwetu, ila ulijua mahali vifungo vya koti vilipolegea. Chuoni walinipokea kwa kuuliza duka langu liko mtaa gani, kwa sababu sisi Wakinga wa Makete tunajulikana kwa biashara, na hawajawahi kuona Mkinga aliyekuja Makambako kufanya kazi ya kuajiriwa. Utani huo niliuacha pale pale nilipoukuta, nilipostaafu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chaula, fundi misumeno aliyekuwa ameshazunguka viwanda vya mbao kabla mimi sijazaliwa. Alinipa msumeno na tupa, akaniambia niunoe. Nilikaa nao asubuhi nzima. Alipokuja alipitisha kidole kwenye meno, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Umenoa vizuri sana. Sasa anza upya, umenoa meno yote kwa upande mmoja." Jino moja huelekea kulia na linalofuata kushoto, na tupa lazima ifuate hivyo hivyo, jino moja uruke, umalize, ugeuze msumeno, urudie. Ukinoa kama nilivyonoa mimi, msumeno utakata, ila utakwenda unakotaka wenyewe na mbao itatoka nene huku nyembamba kule. Nimewahi kuona nyumba nzima iliyoezekwa kwa mbao za msumeno wa namna hiyo. Mwenye nyumba alikuwa anamlaumu fundi paa.

Mzee Chaula alikuwa na vidole vitatu mkono wa kushoto. Siku ya tatu nilimuuliza vingine vilikwenda wapi. Akaniambia vilikwenda na neno tayari.

Alikuwa bado kijana, anaondoa mabanzi chini ya meza, injini inanguruma lakini msumeno umesimama. Mwendeshaji akapaza sauti, "Tayari?" Mtu aliyekuwa upande wa pili akajibu, "Tayari!" Klachi, wenzo unaounganisha injini na msumeno, ikavutwa.

"Hakuna aliyekosea," aliniambia. "Aliyeuliza aliuliza. Aliyejibu alikuwa tayari kweli. Tayari ni neno la kila mtu, Sanga. Jina ni la mtu mmoja."

Kwa hiyo kwenye karakana yake neno tayari lilipigwa marufuku, hata kwa chai. Kabla ya mkono kugusa klachi, mwendeshaji alimwita kila mtu aliyeko mezani kwa jina lake, mmoja mmoja, na kila mmoja akajibu "Nje!", maana yake mikono yangu iko nje ya meza. Jina, jibu, ndipo klachi. Niliichukua kanuni hiyo nikaishika. Miaka mingi baadaye walimu tulipoombwa maoni kuhusu fomu ya mtihani wa vitendo, nilipigania iwe na kiboksi chake peke yake, na atakayekikosa awe amekosa mtihani wote. Walikubali. Nilijivuna sana kwa kiboksi kile, na mtaona kilichonipata.

Mwanzoni tulifundisha vijana waliotoka shule. Watu wazima walianza kuja pale matajiri wa mbao walipoanza kudai vyeti, na pale ulipokuja mpango wa kurasimisha ujuzi. Mtu aliyepasua mbao nusu ya maisha yake akaambiwa aje akae wiki sita darasani ili iandikwe kwamba anajua kupasua mbao. Ninyi mtakaowafundisha, wahurumieni. Wanakuja na simu zinazolia, na misiba, na mashamba ya viazi yasiyongoja. Hawapendi kufundishwa wanachokijua, na hawasemi wasichokijua. Usiwaulize "mmeelewa?" maana watajibu ndiyo kwa adabu. Mwambie mtu "nionyeshe," kisha nyamaza.

Nilikuwa na mzee mmoja kutoka upande wa Kitulo ambaye hakujua kusoma. Alipima mbao kwa fimbo aliyoichonga alama mwenyewe. Nilimpa futi ya chuma, akaishika kwa heshima siku mbili, akairudisha. Akaniambia kwao ukungu ukishuka namba hazionekani, lakini alama ya kisu unaisikia kwa kidole. Nikamwacha na fimbo yake, na mbao zake hazikuwahi kukosea. Siku ya kupokea cheti tulimtaka aweke dole gumba kwenye kitabu. Akatuonyesha mkono wa kulia, dole gumba halikuwepo. Tulitumia la kushoto.

Sasa nifike kwenye darasa ambalo ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Lilikuwa miongoni mwa madarasa yangu ya mwishomwisho, watu tisa, wiki sita.

Mmoja wao alikuwa Fidelis Mligo. Alikuwa ameshika klachi miaka kumi na miwili kwenye yadi moja pale Makambako, mtu mpole, mwepesi wa mkono, ambaye sikuwa na cha kumwongezea. Tajiri wake alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kozi hii ikiisha bila cheti, mashine atapewa mwingine na yeye atakwenda kubeba mbao begani. Mwingine alikuwa Eufrazia Mgaya, mjane kutoka Uwemba, mama aliyevuka hamsini. Marehemu mumewe alimwachia shamba la miti na dingdong moja. Kila mwendeshaji aliyemwajiri alimrudishia mkanda uliokatika na hadithi ndefu. Siku ya usaili nilimuuliza kwa nini amechagua kozi hii. Akasema, "Nataka nijue mwenyewe ninachodanganywa." Bila cheti asingeruhusiwa kuiendesha mashine yake mwenyewe.

Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika ndugu wa karibu. Fidelis aliandika Koleta, mke. Eufrazia aliandika Koleta, binti. Nilizipokea fomu zote mbili kwa mkono wangu, nikazipiga muhuri.

Siku ya pili wakati wa chai Fidelis alikuwa amesimama na kikombe mkononi. Eufrazia akaingia mlangoni. Fidelis akaweka kikombe juu ya injini, akatoka kwa upande wa nyuma, pale tunapopitishia magogo, akiinama chini ya minyororo. Darasani alikaa ameelekea ukutani. Eufrazia naye alivuta kitenge hadi usoni, akanisikiliza akiwa amefunikwa kama mgonjwa. Nikadhani wana kesi ya shamba.

Aliyenifungua macho ni Mama Sifa, mwanafunzi mwingine, mwanamke wa Makambako mwenye sauti ya kusikika hata injini ikiwa imewaka. "Mwalimu, jamani, wewe hujaona? Umemkalisha mtu darasa moja na mama mkwe wake! Huko kwenu Makete ndivyo mnavyofanya?"

Huko kwetu Makete hatufanyi hivyo. Hata mimi, mama mkwe wangu pale Bulongwa namfahamu zaidi kwa mgongo. Kwa wasomaji wa mbali niseme kwamba hii si chuki. Ni heshima, tena ya hali ya juu. Katika ukoo wa Fidelis mkwe hakai benchi moja na mama wa mkewe, hamtazami usoni, akiwa na neno la kumwambia hupitia kwa mtu wa tatu. Na jina lake halitamki kabisa, kama mama naye asivyolitamka la mkwe. Anayetamka anatoa mbuzi, na aibu inabaki hata mbuzi akishaliwa.

Mtauliza walifikaje kwenye kozi moja bila kujua. Eufrazia alimwambia binti yake kwamba anakwenda chuoni kusoma. Koleta akampa hongera, akiamini mama anakwenda kujifunza ushonaji. Hakuna aliyemuuliza.

Niliwaita mmoja mmoja. Fidelis alisimama mlangoni mwa ofisi akiwa ameshika kofia.

"Mwalimu, mimi siwezi kumwambia mama aondoke," alisema. "Na mimi nikiondoka, nakwenda kubeba mbao. Nina watoto wawili."

Eufrazia alikaa, akauliza kama kuna tatizo na fomu yake. Nikamweleza.

"Mimi sina shida, mwalimu. Huyo baba ni mtu mzuri, anamtunza binti yangu. Mpange popote." Akafikiri kidogo. "Ila asinitaje."

Nikawagawa wanafunzi makundi mawili, mkwe huku, mama mkwe kule, nikajiona mjanja. Ujanja ule ulidumu hadi viazi vilipokomaa. Wawili walikwenda kuvuna wakasema watarudi Jumatatu, hawakutaja ya mwezi gani. Mmoja aliitwa msituni na tajiri wake. Mwingine aliacha tu kupokea simu. Walibaki watano, na mmoja wao, Mama Sifa, alikuwa amekwenda msibani. Meza ya mashine inataka watu wanne. Nilikuwa na wanne kamili, na kati yao wakwe wawili.

Hapo ndipo nilipoipinda kanuni. Nilimwambia Fidelis kwamba zamu yake ya klachi ikifika, amwite mama mkwe wake "Mama." Mezani hakuna mama mwingine, nikamwambia, kwa hiyo Mama ni jina. Na yeye Eufrazia amwite Fidelis "Baba." Wote wawili walishukuru. Wiki nzima ilikwenda vizuri. "Mama!" "Nje!" Klachi. Nilianza hata kufikiri kwamba nimegundua jambo la kuwaandikia wakubwa.

Wiki iliyofuata Mama Sifa alirudi kutoka msibani. Nilimpanga kupokea mbao upande wa pili wa meza. Ningeweza kusimama hapo nikafikiri kwa muda wa kunywa maji. Sikufikiri. Jambo likishakwenda vizuri wiki moja, mtu huliona la kudumu.

Fidelis alikuwa kwenye klachi. Msumeno ulikuwa umesimama, injini inanguruma. Banzi lilikwama chini ya meza na Eufrazia akainama kulitoa kwa mkono, wakati ndoano ya kuvutia mabanzi ilikuwa ukutani. Mwanafunzi wa kwanza akaitwa, akajibu. Kisha Fidelis, akiangalia pembeni kama alivyozoea, akaita, "Mama!"

"Nje!" akajibu Mama Sifa kutoka upande wa pili, kwa sauti yake ile.

Fidelis akavuta klachi.

Niliona mkono wa Eufrazia ukirushwa nyuma. Nilifika kwenye swichi ya injini, sikumbuki nilipita wapi. Injini ikazimika, na msumeno ukaendelea kuzunguka wenyewe kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Eufrazia alikuwa amekaa sakafuni kwenye unga wa mbao, ameinua mkono wa kulia. Glovu ilikuwa imekatwa ncha mbili, safi, kama kwa mkasi. Glovu zetu zilikuwa za saizi moja, za wanaume wenye mikono mikubwa, na wanawake walikuwa wanalalamika kila mwaka kwamba zinawapwaya. Vidole vyake havikufika mwisho wa glovu. Msumeno ulikata mahali patupu.

Aliivua akahesabu vidole vyake kwa sauti, akafika vitano. Mama Sifa alikuwa analia. Fidelis hakuwepo.

Nilimkuta nje, amekaa juu ya magogo, ametuelekezea mgongo. Nilikaa karibu naye.

"Nimebakiza kidogo nimuue mama wa mke wangu, mwalimu," alisema. "Kwa sababu ya kumheshimu."

"Kosa ni langu," nikamwambia. Sikulisema ili kumfariji. Jioni ile ile niliandika taarifa kwa mkuu wa chuo, nikaandika kwamba mwendeshaji alifuata maelekezo ya mwalimu, na mwalimu ndiye aliyeelekeza vibaya. Mwanafunzi wa tano aliona yametosha, akafunga mzigo wake akarudi kwao. Wakabaki wanne: Fidelis, Eufrazia, Mama Sifa na bwana mmoja mtaratibu aitwaye Kaduma. Mtihani ulikuwa baada ya siku nane.

Siku hizo nane wakwe wale hawakukaa meza moja. Fidelis aliposhika klachi, mimi nilisimama mahali pa Eufrazia. Aliita "Sanga!" nami nikajibu "Nje!" Eufrazia aliposhika yeye, nilisimama mahali pa Fidelis. Lakini siku ya mtihani mwalimu haruhusiwi kugusa meza. Watahiniwa ni wanne, meza ni ya wanne, na kiboksi kiko pale pale kwenye fomu: anamwita kila mmoja kwa jina na kusubiri jibu. Maneno hayo niliyaandika mimi.

Ningeweza kumpigia simu mtahini, nimweleze, nimwombe alegeze. Namba yake ilikuwa kwenye simu yangu na nilishaifungua mara mbili. Sikupiga. Niliona aibu. Nilikuwa nimeshailegeza kanuni ile mara moja, na glovu iliyokatwa ilikuwa juu ya meza yangu. Badala yake niliwaita wote wawili, safari hii pamoja, kila mmoja na kona yake ya ofisi, nikawaambia ukweli kwamba sina njia. Atakayetaja atafaulu. Asiyetaja atakosa, na sitamlaumu. Fidelis alitazama sakafu. Eufrazia aliuliza kama zamu zinapangwa na mtahini au wanaweza kuchagua. Nikasema mtahini hajali nani aanze. Akaitikia kwa kichwa akatoka.

Mtahini alikuja kutoka Njombe asubuhi ya upepo, mtu wa makaratasi, hana ubaya wowote. Alisalimia "Kamwene" mlangoni, akavaa kofia ngumu, akauliza nani anaanza.

"Mimi," Eufrazia akasema, kabla mtahini hajamaliza.

Akaenda kwenye klachi. Wengine wakashika nafasi zao, Fidelis akiwa msukumaji wa gogo, hatua tatu tu kutoka kwake. Eufrazia alikagua mkanda, akakagua meno, akawasha injini. Kisha akashusha kitenge chake kutoka kichwani, akakifunga kiunoni. Uso wake ulikuwa wazi. Sikuwa nimewahi kuuona wote Fidelis akiwa ndani.

"Kaduma!"

"Nje!"

"Sifa—" Akajirekebisha, akalitaja jina kamili la Mama Sifa, lile la kwenye fomu. Mama Sifa akajibu.

Akageuka, akamtazama mkwe wake usoni.

"Fidelis Mligo!"

Fidelis alikuwa ameinamia gogo. Jibu lake lilichelewa hata mtahini akainua kalamu. Mwishowe likatoka.

"Nje."

Eufrazia akavuta klachi, akapasua mbao yake. Haikuwa mbao nzuri sana, ilikuwa na unene wa kutosha kusamehewa. Mtahini akaweka alama zake, akasema, anayefuata. Fidelis akaenda kwenye klachi, na mama mkwe wake akachukua nafasi kule kwenye mabanzi.

Alimwita Kaduma. Alimwita Mama Sifa. Kisha akasimama, mkono uko hewani karibu na klachi lakini haujaigusa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mstari wa njano, mikono nimeificha mifukoni. Niliwaza watoto wake wawili, nikawaza mbao begani, nikajilaani mimi na kiboksi changu. Midomo yake ilitikisika.

"Hatukusikia," mtahini akasema. "Injini inanguruma. Rudia kwa sauti."

Fidelis akafumba macho.

"Eufrazia Mgaya!"

Karakana nzima ilisikia, na nadhani na jikoni pia.

"Nje!" akajibu Eufrazia. Alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa akisubiri zamu yake dukani.

Fidelis akafumbua macho, akavuta. Mbao iliyotoka ilikuwa ya kufundishia. Niliitunza kwa muda, baadaye mtu akatengenezea rafu.

Wote wanne walifaulu. Mtahini alinipongeza kwa nidhamu ya kuitana majina, akasema vyuo vingine wanalegea. Nilimshukuru.

Baada ya gari lake kuondoka niliwakuta wakwe wale uani. Eufrazia alikuwa amekaa kwenye gogo, kitenge kimerudi kichwani. Fidelis alikuwa amesimama mbali kidogo, ameelekea upande wa barabara. Umbali kati yao ulikuwa hatua sita hivi, na kila mmoja alisikia hata pumzi ya mwenzake. Eufrazia akaniita.

"Mwalimu, mwambie mkwe wangu asihangaike na mbuzi. Mbuzi nitatoa mimi. Mimi ndiye niliyeanza."

Nikageukia upande wa Fidelis nikamwambia, neno kwa neno. Yeye akaniambia, akitazama barabara, "Mwambie mama haiwezekani. Mbuzi ni wangu. Nimemtaja mbele ya watu." Nikageuka, nikampelekea Eufrazia.

Eufrazia alikuwa anaiviringisha glovu yake mkononi.

"Mwambie hivi. Mimi naitwa Mama Koleta. Kanisani ni Mama Koleta, sokoni Mama Koleta, wajukuu ni Bibi. Aliyekuwa ananiita Eufrazia alikuwa marehemu peke yake. Tangu tumzike, jina lile sijalisikia kwa mtu. Leo limeitwa nikaitika. Mwambie nimefurahi."

Nikamgeukia Fidelis. Nilianza vizuri. Nilisema, anasema kanisani ni Mama Koleta, anasema sokoni ni Mama Koleta. Nilipofika kwa marehemu, sauti yangu ilikataa. Nikajaribu tena, ikakataa tena, mimi niliyefundisha watu kupaza sauti maisha yangu yote. Nikabaki nimesimama katikati yao, mdomo wazi.

Fidelis alisubiri. Alipoona sitamaliza, aliinua kofia akajifuta uso nayo.

"Mwambie nimesikia, mwalimu," akasema.

Nikageuka, nikamwambia.